Simulesheni ya joto: Mambo 4 ya kuhakiki kabla ya kubonyeza 'Solve'

Umewahi kusikia mabati ya paa yakilia "ta, ta" jua linapowaka? Ni chuma kinatanuka. Kikipata nafasi, hakuna shida. Kikibanwa, kinaanza kusukuma.

Msukumo huo ndio unaotokana na mzigo wa joto. Wahandisi huupima kwa programu za FEM kama Ansys, Abaqus au FreeCAD, ambayo ni ya bure. Programu hukata umbo vipande vidogo na kupiga hesabu ya kila kimoja.

Tuchukue boriti ya chuma ya mita 10, imejengwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Jua linaipandisha hadi 65.

1. Sifa za chuma
Programu inahitaji kujua chuma kinatanuka kiasi gani: takriban 0.000012 kwa kila nyuzi moja. Kwa nyuzi 40 zilizoongezeka, boriti yetu inarefuka milimita 4.8.

2. Joto la mwanzo
Hapa ndipo wengi huteleza. Programu haiangalii nyuzi 65 peke yake, inaangalia tofauti. Ansys Mechanical huanzia nyuzi 22 usipobadilisha, Abaqus huanzia 0. Ukiacha 0, programu itadhani joto limepanda nyuzi 65 badala ya 40.

3. Umebana wapi?
Acha ncha moja huru: boriti inarefuka, mkazo ni karibu sifuri. Bana ncha zote mbili: mkazo unafika megapaskali 96. Joto ni lile lile, majibu ni tofauti kabisa. Kwa hiyo bana pale tu ambapo jengo halisi limebana.

4. Joto linaingiaje?
Kama boriti yote ina joto sawa, weka namba moja, inatosha. Kama jua linapiga upande mmoja na upepo unapoza mwingine, piga kwanza hesabu ya jinsi joto linavyosambaa, kisha peleka majibu yake kwenye hesabu ya mkazo.

Hakiki kwa kikokotoo cha simu
Zidisha ugumu wa chuma, kiwango cha kutanuka na tofauti ya joto: 200,000 × 0.000012 × 40 = 96. Kwa joto la mwanzo la 0 ungepata 156. Ni kosa la zaidi ya asilimia 60, na programu haitakupa onyo lolote.

Angalizo moja: boriti nyembamba inaweza kujipinda kabla ya kufika 96, kama reli inavyopinda kwenye jua kali. Hesabu ya kawaida ya mkazo haioneshi hilo. Inabidi uendeshe hesabu ya kujipinda peke yake.

Rangi nzuri kwenye skrini hazithibitishi kitu. Namba ya kikokotoo ikipishana sana na ya programu, rudi namba 2 na 3 kwanza.