Nani Kamchukua?

Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wakipotea Njombe, swali lilikuwa moja: nani kawachukua? Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, alisema miili 10 imepatikana, mingi ikiwa imekatwa viungo. Wale walichukuliwa kweli. Ila mimi nilimkumbuka mwingine.

Tulikuwa kidato cha pili, Igwachanya ikiwa bado mkoa wa Iringa. Jumatatu moja mwenzetu hakuonekana. Alikuwa na kigugumizi, na hilo ndilo jina tulilompa. Akisimama kujibu swali, darasa zima lilimwiga mpaka anakaa. Na mimi nilikuwemo.

Kufika jioni watu walishaanza kuwataja wachuna ngozi, maana habari za Mbeya zilikuwa bado hazijapoa. Wanaume wakapita mashambani na tochi, wakachungulia visima. Sisi wanafunzi tulitafuta pamoja nao, midomo tumefunga.

Bibi yake peke yake ndiye hakwenda visimani. "Mtafuteni Makambako," alisema.

Alikuwa na sababu. Kaka yake aliondoka Ubena akiwa kijana, akaenda mkonge wa Tanga, asirudi tena. Enzi za Mwingereza, kodi ya kichwa iliwatoa vijana wengi nyanda za juu, na wenye mashamba walikuwa na shirika lao, SILABU, lililoanzishwa 1944, la kuwakusanya na kuwasafirisha. Huko waliandikishwa kwa namba, ndipo likaja jina manamba. Kwa bibi yule, mtu kupotea hakukuanza na wachuna ngozi. Vijana walikuwa wakipotea kwa miguu yao wenyewe, kila mmoja na kilichomsukuma. Na Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Treni ya TAZARA nayo inapita hapohapo. Ukifika pale, nchi yote iko wazi.

Siku ya nne alikutwa stendi ya Makambako, anabeba mizigo ya abiria.

Waliporudi naye, uani palijaa watu. Baba yake akamuuliza, "Nani alikuchukua?" Akafungua mdomo, neno likakwama. Tulisubiri wote. Safari hii hakuna aliyemwiga. Baba akauliza tena, akachoka, akamwambia aende akale.

Hakurudi shuleni. Hakuna mtu mzima aliyemuuliza alikuwa anakimbia nini, na sisi tuliojua hatukusema. Jibu lilikuwa kwenye rejista ya darasa letu, jina kwa jina. Langu limo.