Satet, Mungu wa Kike wa Mafuriko ya Naili

Ukilisikia neno mafuriko, bila shaka unawaza nyumba zilizobomoka na barabara zilizokatika. Mmisri wa kale aliwaza chakula. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, Mto Naili ulipanda ukafunika mashamba, na uliposhuka uliacha tope jeusi lenye rutuba. Maji yakiwa machache, njaa iliingia. Yakizidi, vijiji vilisombwa. Jambo zito kama hilo halikuweza kukosa mungu wake.

Kisiwani Elephantine, mkabala na mji wa leo wa Aswan, aliabudiwa Satet. Wachongaji walimvika taji jeupe lenye pembe za paa. Hekalu lake la kwanza lilikuwa chumba kidogo tu kati ya majabali ya matale, na humo wanaakiolojia wamefukua vinyago vingi vya watu na wanyama, sadaka za waumini wa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Baadaye wafalme walijenga juu ya mahali pale pale, akiwemo malkia Hatshepsut. Satet alihusishwa pia na nyota Sirius, ambayo kuonekana kwake tena alfajiri kulitangaza kwamba maji yako karibu.

Aliabudiwa pamoja na Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, na Anuket, aliyeheshimiwa zaidi katika kisiwa jirani cha Sehel. Huko Sehel kuna mwamba ulioandikwa zama za wafalme wa Ptolemy. Unasimulia kwamba mfalme Djoser, aliyetawala zaidi ya miaka 2,000 kabla ya maandishi hayo, alipatwa na njaa ya miaka saba, kisha akamtolea Khnum ardhi na ushuru ili mto ufurike tena. Mimi nauona mwamba huo kama hati ya madai: makuhani walitaka mapato, wakamfanya marehemu kuwa shahidi wao.

Makuhani hao waliamini kwamba maji huchimbuka mapangoni, chini ya kisiwa chao. Kumbe mafuriko yalitoka kwenye mvua za milima ya Ethiopia, na maji ya Ziwa Victoria, yaliyo ziwani kwetu kabla hayajawa yao, yaliufanya mto utiririke hata nje ya msimu. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilikomesha mafuriko hayo nchini Misri.

Ugomvi wa maji haukukoma. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubali kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji ya Naili isifanywe bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba mkataba huo hauifungi.