Mkilifi, mgeni aliyepewa jina la kwetu

Ukishuka Vitengeni saa saba mchana, baada ya vumbi la njia ya Ganze, hutafuti maji kwanza. Unatafuta kivuli. Na kivuli cha huku, kama cha vituo vingi vya Kilifi bara, ni cha mwarobaini. Vijana wa bodaboda wameegesha chini yake, mmoja kalala chali juu ya pikipiki, miguu kaipachika kwenye usukani. Muuza maembe hakuweka beseni lake kivuli kilipo, ameliweka kinakokwenda, maana safari ya jua anaijua. Juu yao matawi yamejaa matunda madogo ya manjano. Watoto huyafyonza ule ute mtamu, kisha hutema kokwa popote. Usiku popo nao hufanya vivyo hivyo, na popo huenda mbali kuliko mtoto.

Mti huu una jina la pili ambalo wengi wetu tumelisahau: mkilifi. Kwao ni Bara Hindi na Burma. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba Wahindi ndio waliouleta, zama za ujenzi wa reli. Aliyeuleta alijua anachokifanya. Majani yake huchemshwa kwa homa, mtoto wa tetekuwanga huogeshwa maji yake, kijiti chake ni mswaki, na maradhi arobaini yanayodaiwa kutibiwa nao ndiyo yaliyoupa jina lile la kwanza. Tena yapo majiko ambamo majani makavu hutandazwa kwenye uchaga, mahindi yasiliwe na dumuzi. Dumuzi mwenyewe ni mdudu wa Amerika ya Kati, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufika Kenya muda si mrefu baadaye. Na mahindi anayoyatoboa asili yake ni hukohuko Amerika. Wageni watatu, basi, wanagombana kwenye dari moja ya Kigiriama, na mwenye nyumba anamshika mkono yule anayemfaa.

Wataalamu wa mazingira wana neno lao kwa mkilifi: spishi vamizi. Neno ni kali lakini si la uongo. Ndege, popo na nyani hupeleka kokwa hadi ndani ya misitu ya pwani, miche huota kwa wingi, na miti ya asili hukosa mwanga na nafasi. Misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo baadhi yake UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ni midogo. Baadhi unaizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Msitu wa namna hiyo hauhitaji shoka ili ubadilike. Kokwa zatosha.

Barabara inaingiaje hapa? Inaingia kwa sababu mbegu hupenda ardhi iliyochokonolewa. Greda linapochimba kifusi mahali pamoja na kukimwaga kilomita kumi mbele, halihamishi mchanga peke yake. Ndiyo maana wanaotoa fedha za barabara wameanza kuandika mimea katika masharti yao. Marekani ilitangulia. Februari 1999 Rais Bill Clinton alitia saini amri ya kuzuia spishi vamizi, na kabla mwaka haujaisha idara ya barabara kuu ilielekeza kwamba fedha za serikali kuu zisitumike kupanda mimea iliyoorodheshwa kuwa vamizi. Mwaka 2005 Bunge lao likalitia suala la magugu ndani ya sheria yenyewe ya kugharimia barabara. Wapo waliopinga, wakiona kwamba fedha ya lami ni ya lami. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo, miaka ya 1930, ilikuwa ikiwalipa wakulima wapande kudzu, mtambaazi wa Asia, ili kuzuia mmomonyoko. Leo kudzu umefunika nguzo, miti na mabanda ya kusini mwa nchi hiyo.

Kwetu sheria haisemi hivyo. Ushuru wa matengenezo ya barabara uliwekwa mwaka 1993, nao hukatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli: shilingi 18 kuanzia 2016, shilingi 25 tangu Julai 2024. Wabunge na magavana wamefikishana mahakamani wakigombea nani azishike fedha hizo. Sikumbuki hata mmoja wao aliyetaja mti. Masharti ya mimea huja na mkopo. Benki ya Dunia ina kanuni zake zilizoanza kutumika Oktoba 2018, zenye kipengele cha spishi vamizi, na Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliyoidhinisha mkopo wa barabara ya Mombasa hadi Kilifi Desemba 2019, nayo ina kanuni za kulinda viumbe hai. Mkandarasi anapoomba leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, karatasi hizo zote huwa mezani.

Sasa mpelekee mama wa maembe karatasi hizo. Mwambie mti unaomkinga na jua ni mvamizi, na kwamba barabara nzuri huenda ikaja na msumeno. Hatakupinga kwa hoja za sayansi. Atakuuliza tu: basi mwanangu, nihamie wapi, juani? Mimi nauhesabu huo kuwa upinzani halali kabisa, na nadhani historia ya nchi hii iko upande wake. Karibu kila mgeni tunayeambiwa leo tumfukuze aliingia na barua ya utambulisho.

Mtazame mathenge. Mwaka 1973 mti huo wa Amerika ulipandwa Bamburi, kando ya Mombasa, kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji. Wakati huo ulionekana muujiza, mti unaoota juu ya mwamba mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kwa mradi wa kuni wa serikali na FAO, na Bura, Tana River, ukapandwa ili wakulima wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni. Wanavijiji waliambiwa waupande, wakaupanda. Mbuzi waliyapenda maganda yake matamu, wakazisambaza mbegu kwa kinyesi hadi kwenye malisho, kingo za mito na kandokando ya barabara. Ukitoka Malindi leo kuelekea Garsen na Hola huhitaji kuoneshwa.

Wailchamus wa Baringo ndio waliokwenda mahakamani. Mwaka 2006 walifungua kesi Nairobi dhidi ya serikali, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi asiye na meno. Sukari ya yale maganda ilikuwa imemwozesha meno, hawezi tena kula majani, anakonda huku malisho yapo. Wakenya tulicheka tulipomwona kwenye magazeti. Hatukupaswa kucheka. Watu wale hawakuwa wakilalamikia mti. Walikuwa wakimuuliza aliyeuleta mbona ameondoka. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari, kwa sheria ya magugu iliyorithiwa kwa mkoloni. Sheria hiyo humtaka mwenye shamba aling'oe gugu. Kwa hiyo aliyepandishiwa mti ndiye aliyeachiwa jembe, na wakati huo wapo waliokwisha kujifunza kuchoma makaa yake na kulipia karo, nao wakaona kuung'oa ni kung'oa kipato.

Kunguru naye ni hivyohivyo. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Akafuata bandari, kisha soko, kisha barabara, hadi Malindi na Watamu, akila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja.

Na wakati benki inahesabu wavamizi, Katiba ya 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ifikishe miti kwenye asilimia 10 ya ardhi ya nchi bila kuuliza kabila la mti. Tangu Desemba 2022 tunaambiwa tupande bilioni 15 kufikia 2032. Mwaka 2023 tulipewa hata sikukuu, Novemba 13, tukachimba mashimo. Mwananchi wa Ganze, ambako mvua ni ya kubahatisha, atachagua mche utakaovumilia kiangazi. Mkilifi huvumilia. Kwa ofisi moja ametimiza wajibu wake wa Katiba, kwa nyingine ameeneza spishi vamizi.

Sisemi kila kivuli kiachwe. Wazee wa kaya hawakungoja benki yoyote ili wajue mti gani ukae wapi. Kwenye kaya hukati, huchumi, huingii ovyo, na anayevunja mwiko hutozwa faini ya mnyama. Mzee wa kaya anayeng'oa mche wa mkilifi msituni, kisha jioni akarudi kukaa chini ya mkilifi wa uani kwake, hajipingi. Anatofautisha msitu na uwanja. Kipengele cha mkopo, kilichoandikwa kwa ajili ya barabara za mabara matatu, hakina macho ya namna hiyo, na ndiyo maana kikifika kituo kama Vitengeni kinakutana na watu walionuna.

Pembeni mwa njia, hatua chache kutoka penye beseni la maembe, greda liliacha kichuguu cha kifusi. Mvua moja imepita, na juu yake imeota miche mitatu ya mkilifi, majani yake bado mekundu kidogo kwenye ncha. Muuza maembe aling'oa miwili, ilimzuia kuweka kigoda. Wa tatu akauwekea mawe kuuzunguka, mbuzi wasiufikie.