Sendai na Gari la Theluji

Mafundi wa umeme wa Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, walikuwa na shida ambayo viwanda vya magari vilikuwa havijaishughulikia. Nyaya na mitambo ya kampuni yao, Tohoku Electric Power, ilitapakaa milimani, na laini ikikatika Januari haisubiri theluji iyeyuke. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 walipanda huko kwa Jeep. Kufika walifika, lakini ndani ya Jeep baridi ilikuwa ileile ya nje, safari iliwachosha, na wakirudi kwenye lami mwendo ulikuwa wa taratibu. Kampuni ikawaendea wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi, mjini Sendai, ikauliza kama wangeweza kupata gari la kawaida, lenye hita na viti vya kukalika, litakalopanda mlima wenye theluji bila kukwama.

Kwa nini swali hilo lilizuka Sendai? Jibu liko kwenye milima. Safu ya Ou imeigawa Tohoku katikati, toka kaskazini hadi kusini. Pepo za Siberia huvuka Bahari ya Japani, hujaa mvuke, na zikiikuta milima hiyo huimwaga theluji upande wa magharibi. Sendai iko mashariki, karibu na Pasifiki, na barabara zake huwa wazi siku nyingi za majira ya baridi. Dereva anayetoka hapo kwenda Yamagata huanza safari kwenye lami kavu, na haupiti muda mrefu kabla hajajikuta kwenye theluji nzito. Anahitaji gari litakalomfaa pande zote mbili kwa siku hiyohiyo. Watu wa nchi za theluji tupu hawakulazimika kuwaza hivyo.

Bahati nzuri, Subaru ilikuwa tayari na gari lililokaribia jibu. Subaru 1000, iliyotoka mwaka 1966, ilivutwa na magurudumu ya mbele. Injini yake ililala mbele kabisa, pistoni zikienda kulia na kushoto, na gia boksi ilinyooka nyuma yake kuelekea katikati ya gari. Kwa fundi, mpangilio huo una faida kubwa: mkia wa gia boksi tayari unatazama magurudumu ya nyuma. Kinachokosekana ni propela shafti ya kupeleka nguvu huko, na difu ya kuipokea. Mafundi wa Sendai walichukua gari la mizigo la familia hiyo, toleo la 1300G, wakalifunga difu ya nyuma ya Datsun Bluebird, gari la Nissan. Kazi ya gereji ilikuwa imetangulia kazi ya kiwanda.

Fuji Heavy Industries, kampuni iliyounda Subaru, ikaipokea kazi hiyo na kuiendeleza. Mwaka 1971 gari hilo likawekwa kwenye Maonyesho ya Magari ya Tokyo, na machache yaliyotengenezwa yakaenda kazini, mengi yake kwa kampuni ileile ya umeme iliyoomba. Septemba 1972 likaja toleo la kuuzia umma, Leone Estate Van 4WD. Uingereza ilikuwa na Jensen FF, iliyoendeshwa kwa magurudumu yote manne, tangu 1966, lakini hilo lilikuwa gari la matajiri na hayakufika hata 400. Leone ililengwa kwa watu wa kazi: mafundi, wakulima, wenye maduka ya milimani.

Pembeni mwa kiti cha dereva kulikuwa na wenzo mdogo. Kwenye lami kavu gari liliendeshwa kwa magurudumu mawili. Theluji ikianza, dereva aliuvuta wenzo na ya nyuma yakashika kazi. Ilikuwa lazima kuurudisha barabara ikikauka. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na Leone haikuwa na difu ya katikati ya kuachia tofauti hiyo. Kwenye theluji tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Kwenye lami haliwezi kuteleza, kwa hiyo usukani unakuwa mzito, matairi yanakwaruza, na mwishowe ni gia boksi inayoumia.

Difu hiyo ya katikati ilipata umaarufu kupitia Audi, na njia ilianzia tena kwenye theluji. Katika majaribio ya baridi huko Finland mwaka 1977, mhandisi Jörg Bensinger aliona Volkswagen Iltis, gari la jeshi lenye nguvu za farasi 75 tu, likiyaacha nyuma magari yenye nguvu zaidi. Miaka mitatu baadaye Audi Quattro ilionyeshwa Geneva.

Mwaka huohuo wa 1980 Leone ya magurudumu manne ilishuka Kenya kushiriki Safari Rally. Mashindano hayo yalikimbiwa Pasaka, mvua za masika zinaponyesha, na tope la udongo mweusi linamtaka dereva mambo yaleyale yanayotakiwa na theluji: kuondoka taratibu, kugawa nguvu, kutosimama katikati ya mlima. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliifikisha mwisho Subaru Vivio, kigari kidogo kuliko vyote, katika nafasi ya 12, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya 4 kwa Impreza. Wakenya waliipenda Subaru tangu enzi hizo, na mapenzi hayo yalikuwa na sababu ya kiufundi.

Lakini Sendai ilikuwa na somo la pili, na hili ndilo wanunuzi wengi wa magari hulisahau hadi leo. Magurudumu manne hulisaidia gari kuondoka na kupanda. Hayalisaidii kusimama. Kila gari, liwe la aina gani, hufunga breki kwa magurudumu yote manne, na linaposimama au kukata kona kinachobaki kati yake na mtaro ni mpira wa tairi.

Suala la mpira lilikuwa la zamani. Mmarekani Harry Weed alipata hataza ya minyororo ya matairi mwaka 1904. Mwaka 1934 kiwanda cha Suomen Gummitehdas, huko Finland, kilitoa tairi la kwanza la theluji, lililotengenezwa kwa ajili ya malori. Baadaye ikaja misumari: vipini vya chuma vilivyopachikwa kwenye tairi vikichomoza kidogo, vinavyoichimba barafu. Kufikia miaka ya 1970 Wajapani wa mikoa ya baridi walikuwa wakiifunga kila mwaka.

Kwenye barafu misumari hiyo haikuwa na mpinzani. Ila Sendai barafu ni ya siku chache. Siku zilizobaki misumari ilikuwa ikisugua lami tupu, maelfu kwa maelfu ya magari, miezi mfululizo. Mistari ya rangi ilifutika barabarani, mifereji ikachimbika kwenye njia za matairi, na vumbi la lami likatanda mjini kiasi cha watu kuuita mji wao jangwa. Nguo hazikuanikika nje. Madaktari wakaanza kuhofia mapafu ya watu. Jiografia ileile iliyozaa gari la magurudumu manne ikageuza tairi la misumari kuwa balaa.

Mwaka 1985 mkoa wa Miyagi ulitunga kanuni yake dhidi ya matairi hayo, ukitangulia mikoa mingine. Watengenezaji wa Japani walikubali kuacha kuyatengeneza mwishoni mwa 1990, na mwaka huo bunge likapitisha sheria ya nchi nzima: katika maeneo yaliyotajwa, ni marufuku kuendesha kwa misumari kwenye lami isiyo na theluji wala barafu. Watu wenye ulemavu na magari ya dharura waliruhusiwa kuendelea.

Wengi waliogopa ajali, na hofu yao ilikuwa ya haki. Kinachotelezesha gari juu ya barafu ni utando mwembamba wa maji ulio kati ya barafu na tairi. Bila msumari, mpira wenyewe ulipaswa kuuondoa utando huo. Bridgestone ilikuwa imetoa tairi la Blizzak mwaka 1988, ambalo mpira wake umejaa vitundu vidogo mno vinavyofyonza maji, na hubaki laini baridi inapokaza mpira wa kawaida ukawa mgumu. Kampuni nyingine zikafuata njia zao. Hadi leo watu wa Tohoku hubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka, kabla ya theluji na baada yake.

Historia hii ina mkia wake Mombasa na Dar es Salaam. Magari ya mtumba kutoka Japani hushuka na alama za kule yalikotumika: kitufe kilichoandikwa SNOW karibu na gia, vioo vya pembeni vyenye waya wa kuyeyusha barafu, betri kubwa na stata yenye nguvu kwa matoleo ya mikoa ya baridi. Hayo hayana madhara. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ndiyo yenye madhara, kwa hiyo mnunuzi makini hulala chini na tochi, akaangalia kutu kwenye chesisi, mabomba ya breki na mahali springi zinaposhikilia. Halafu asome ubavu wa tairi. Likiwa na neno STUDLESS, ni tairi la theluji: kwenye lami ya joto la nyuzi 30 mpira wake laini huisha upesi, na breki ya ghafla huchukua masafa marefu zaidi. Wauzaji wengine humsifia mteja kwamba matairi bado yana meno marefu. Meno ni marefu kweli, lakini yalichongwa kwa ajili ya barabara ya Yamagata mwezi Januari, na kwa barabara ya Morogoro yanafaa kubadilishwa kabla ya safari ya kwanza.