Saratani ya kibofu cha mkojo

Saratani ya kibofu cha mkojo huanza pale seli za ukuta wa ndani wa kibofu zinapozaliana bila mpangilio. Dalili kuu ni damu kwenye mkojo, mara nyingi bila maumivu. Visababishi vikubwa ni uvutaji wa sigara na baadhi ya kemikali za viwanda vya rangi. Penye kichocho cha mkojo, kama Unguja na Pemba, mayai ya minyoo *Schistosoma haematobium* hunasa ukutani na kuujeruhi kwa miaka mingi. Minyoo hao walitambuliwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994. Daktari huchungulia kibofu kwa kamera nyembamba na kukata kinyama cha kupimwa maabara. Tiba ni upasuaji, dawa au mionzi; uvimbe wa juujuu hutibiwa pia kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, inayomiminwa kibofuni.