Mgongo kwa Gofu

2024 nilipata kibarua cha usoja kwenye Kenya Open kule Muthaiga, siku nne. Kazi yenyewe: simama kando ya kamba, mgongo kwa mchezo, macho kwa watazamaji. Watu wakipiga makofi, mimi sijui kumetokea nini.

Sisi wa Malaba tumezoea kulinda mistari ya wengine. Hadi 1902 upande wetu ulihesabiwa Uganda, halafu Waingereza wakausogeza mpaka kwa karatasi tu. Wateso wakabaki huku na huku. Mpaka leo naenda kwa shangazi Tororo na kitambulisho mkononi.

Gofu ililetwa na hao hao. Royal Nairobi ilianzishwa 1906, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia kule kama mfanyakazi: kukata nyasi, kubeba mifuko ya wachezaji. Lakini hapo kwa mifuko si ndipo wengi walijifunza gofu, kwa kutazama tu! Kenya Open yenyewe ilianza 1967, uhuru ukiwa na miaka 4. Seve Ballesteros akashinda 1978, Ian Woosnam 1986. Mkenya? Hadi mwaka huo wangu, hakuna hata mmoja.

Sasa unaona kwa nini lile agizo la kutogeuka liliniuma. Mbeba mifuko wa zamani angalau aliuona mpira.

Alhamisi Mkenya mmoja akafika kwangu. Watu wakanyamaza kabisa. Nikageuka.

Msimamizi aliniona. Jioni nikakatwa mia tatu.