Paa la Daktari wa Meno

Mwaka jana mzee mmoja alileta Ford Mustang ya 1965 katika gereji tunayofanyia kazi hapa Nairobi. Paa lake ni la turubai, la kufunguka kwa swichi, na lilikuwa limekwama katikati: upande wa kulia umepanda, wa kushoto umelala. Alitaka lipone kabla ya Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari ya fahari yaliyoanza hapa mwaka 1970. Akanisikiliza Kiswahili changu cha Bukavu, kisha akauliza:

“Fundi, hii kazi ulisomea wapi? Cheti iko?”

Cheti haiko. Ninayo karatasi ya mkimbizi, na miaka ya kushika vyuma, ya mwanzo nikiwa mbele ya marehemu baba. Nilimwambia, “Mzee, niachie gari siku tatu.” Lakini swali lake lililala na mimi, na jibu lake nimelipata katika historia ya paa lenyewe.

Magari ya kwanza mengi yalikuwa wazi. Mvua ikija, unashuka, unavuta turubai kwa mikono, na ukimaliza umeshalowa. Mtu aliyepata njia ya kuutia umeme katika kazi hiyo hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa meno wa Paris, Georges Paulin. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichora paa gumu la chuma linaloinuka lenyewe na kuingia ndani ya buti. Peugeot wakalichukua wazo lake, na mwaka 1934 wakatoa gari walilolipa jina la Éclipse. Ila mota ile ilikuwa inakula betri, na baadaye kwenye 402 wakarudia paa la kusukuma kwa mkono. Hata kitu kizuri kinaweza kuja mapema kuliko betri yake.

Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, Paulin alifanya kazi ya siri kuwapinga. Wakamkamata, wakampiga risasi mwezi Machi 1942. Kabla ya hapo, upande wa Marekani, Plymouth ya 1939 ilikuwa imeanza kuinua turubai kwa nguvu ya hewa inayofyonzwa na injini. Baada ya vita ikaja njia ambayo mafundi wengi tunakutana nayo: mota ya umeme inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, oili inanyanyua silinda mbili, moja kila upande.

Kwetu Kongo, gari la wazi lina picha yake. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipita Léopoldville akiwa amesimama ndani ya gari lisilo na paa. Kijana anayeitwa Ambroise Boimbo akachomoka kwenye umati, akamnyang'anya upanga. Mjerumani Robert Lebeck akaipiga picha hiyo. Baba alikuwa nayo, ameikata kwenye gazeti, na alipokuwa anatufundisha kazi alikuwa anasema, “Mufalme alifungua paa juu aliamini hakuna mvua.” Tulikuwa tunacheka. Leo ninaona alikuwa anatufundisha pia mambo ya paa: anayelifungua anaamini mbingu, na anayelifunga pia anaamini kwamba litafunguka tena.

Sasa turudi kwenye Mustang. Nilitoa kiti cha nyuma, maana pampu inakaa nyuma yake. Nilipobonyeza swichi mota ililia vizuri, kwa hiyo umeme ulikuwapo. Oili ilikuwa imeshuka. Chini ya silinda ya kushoto kapeti lilikuwa jekundu, limelowa oili ya giaboksi ya otomatiki, ndiyo inayotumika kwenye gari hili. Nashukuru haikuwa oili ya breki, kama ile waliyotumia General Motors katika mapaa yao ya miaka ya baada ya vita, kwa sababu ile ikivuja inakula rangi.

Raba za silinda zilikuwa zimekauka. Nikamuuliza mzee, “Paa hili ulilifungua lini mara ya mwisho?”

“Sijalifungua miaka mingi, fundi. Naogopa kuliharibu.”

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Raba isiyoguswa na oili inayotembea inakauka na kupasuka. Paa kama hili lifunguliwe walau mara moja kwa mwezi, gari limesimama na injini inawaka ili betri isichoke. Usilikunje likiwa limelowa, litaota koga. Na upande mmoja ukitangulia, acha swichi hapo hapo, maana ukilazimisha utapinda fremu, na fremu ni shida kubwa kuliko silinda.

Tulibadilisha silinda zote mbili, nikajaza oili, nikalifungua na kulifunga polepole mara nyingi, nikiongeza oili kila mara, mpaka hewa yote ikatoka. Pande zote mbili zikapanda pamoja.

Mzee hakuuliza tena habari ya cheti, na mimi sikumsimulia habari za daktari wa meno. Alitoa daftari la gari kwenye dashibodi, lile ambamo kila kazi iliyofanywa imeandikwa tangu alipolinunua. Akaandika tarehe, akaandika “silinda za paa,” halafu akaniuliza jina langu, na linaandikwaje.

Nikamtajia herufi moja moja. Katika nchi hii jina langu limeandikwa mara nyingi, kila mara na nchi niliyotoka pembeni yake. Safari hii pembeni yake paliandikwa kazi niliyoifanya.